Mto, Barabara na Tairi: Taarikhi ya Gurudumu Mjini Kisangani

Mtu mwenye gari la mbio huko Ulaya, meno ya matairi yake yanapokwisha, huingia dukani akiwa na mambo mengi ya kupima. Lipo tairi laini, ambalo hung'ang'ania lami hata katika kona za hatari lakini huliwa upesi kama sabuni. Lipo gumu, ambalo hudumu sana lakini huanza kuteleza mapema. Yapo yaliyotengenezwa kwa majira ya joto, na yapo ya majira ya theluji. Na ubavuni mwa kila moja pamechorwa alama ambazo asiyezijua huzidhani ni za hirizi, mathalan 255/35 ZR 19 (96Y). Hesabu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake, yaani sehemu 35 katika kila mia ya upana huo. 19 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. 96 yatangaza kwamba tairi moja laweza kuchukua kilo 710. Na ile Y iliyofungwa katika mabano hutoa idhini ya mwendo upitao kilomita 300 kwa saa.

Mjini Kisangani idhini hiyo haina pa kutumiwa, wala shauri la joto na theluji halina maana, kwa kuwa mji huo umelala kiasi cha nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, na mvua hunyesha humo karibu kila mwezi wa mwaka. Walakini ni miji michache duniani iliyofungamana zaidi na taarikhi ya tairi kuliko huu. Kisangani, iliyoitwa Stanleyville mpaka mwaka wa 1966, ilizungukwa na misitu iliyotoa utomvu wa mpira kabla wenyeji hawajaliona gurudumu. Ikapokea magurudumu wakati haina sauti katika kuyachagua. Kisha ikafika siku ikanyang'anywa karibu magari yake yote, ikabaki na baiskeli. Na katika muda wote huo tairi aliloweza kulipata mtu wa Kisangani halikuamuliwa na tamaa yake, wala aghalabu na fedha yake, bali liliamuliwa na mto na barabara.

Tuanze na mto, maana ndio mkubwa. Kongo, baada ya kwenda kaskazini safari ndefu, huruka hapo magenge ya maporomoko ya Boyoma, ambapo Wagenia hutega vikapu vyao vikubwa vya samaki katika nguzo za miti zilizosimikwa ndani ya mkondo. Kisha hupinda kuelekea magharibi, na kutoka hapo vyombo vyaweza kwenda bila kizuizi mpaka Kinshasa, mwendo wa kilomita 1,700 na zaidi. Shehena ya Ulaya ilipakuliwa Matadi, ikapanda reli iliyokamilika mwaka wa 1898 mpaka Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, ikapanda meli, na baada ya majuma ikafika gatini Stanleyville ikiwa na bei iliyonenepa njiani. Upande wa mashariki ilikuwapo njia nyingine, ya watu wa pwani, ambayo ni ya kale zaidi.

Kwa njia hiyo ya mashariki walikuja Waswahili na Waarabu waliolifanya eneo la maporomoko kuwa soko, na mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammad al-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja. Mwaka wa 1887 alifanya mapatano na Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, akakubali kuwa wali wa Stanley Falls, yaani eneo hilo la maporomoko, kwa mshahara. Biashara iliyomleta yeye na wenziwe ilikuwa pembe za ndovu, pamoja na watumwa, wala haifai kulizunguka neno hilo kwa sababu tu wafanyao biashara hiyo walisema lugha yetu. Uwali ule haukudumu. Vita vya mwaka wa 1892 mpaka 1894 vilikomesha utawala wa watu wa pwani katika nchi hizo. Waliobaki walizaa na wenyeji, wakaacha Kiswahili na Uislamu katika mitaa ya mji, ambamo vingali hai.

Sasa tazama jinsi tarehe zilivyokaribiana. Mwaka wa 1888, yaani mwaka uliofuata ule wa mapatano, daktari wa wanyama wa mjini Belfast, jina lake John Boyd Dunlop, aliandikisha hati ya kumiliki uvumbuzi wa gurudumu lenye hewa ndani, alilokuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Hakuwa wa kwanza, maana Robert William Thomson alikwisha kuandikisha wazo hilohilo mwaka wa 1845, lakini Thomson alilitoa kabla ya baiskeli kuenea, likasahauliwa kwa kukosa mteja. Dunlop alipata wateja kwa malaki. Mwaka wa 1891 ndugu wawili wa ukoo wa Michelin, wa Clermont-Ferrand, wakatoa tairi la baiskeli liwezalo kuvuliwa na kurudishwa upesi, na mwaka wa 1895 wakaingiza gari lenye matairi ya hewa katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris, likapata pancha zisizokuwa na idadi lakini likafika. Tangu hapo kila gari la mbio lilihitaji mpira, na kila baiskeli pia, ilhali mihevea iliyopandwa Asia kwa mbegu alizozitoa Henry Wickham huko Brazil mwaka wa 1876 ilikuwa bado haijatoa mazao ya kutosha soko. Mahali pamoja palipokuwapo mpira tayari, mbali na Brazil, ni katika mibungo ya mwituni ya misitu ya Kongo, mimea itambaayo ambayo hupanda juu ya miti mikubwa kutafuta jua.

Mwaka wa 1891 serikali ya Leopold ilijitwalia kwa amri pembe na mpira wa nchi kubwa kupita kiasi, na sehemu nyingine ikayakabidhi makampuni. Mojawapo ni Compagnie du Lomami, iliyopewa nchi kando ya mto Lomami, ambao humwaga maji yake katika Kongo hapo Isangi, chini kidogo ya Stanleyville. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mtu huingia msituni siku kadha wa kadha mbali na kwake, hutafuta mbungo, hupanda mti, huuchanja mbungo kwa kisu, hukinga utomvu mweupe unaotoka tone kwa tone, na kwa kuwa utomvu hauna subira, wengi waliupaka juu ya ngozi ya mikono na kifua mpaka ukagandamana, kisha wakaubandua pamoja na malaika ya mwili. Mbungo uliochanjwa kwa taratibu huishi. Lakini mwenye kudaiwa kilo kadhaa kwa muda uliowekwa, na mkewe ameshikwa rehani kituoni mpaka mzigo utimie, hana nafasi ya taratibu, basi huukata mbungo mzima akaukamua wote, na safari ijayo humpasa kwenda mbali zaidi. Hivyo ndivyo msitu ulivyofilisika pamoja na watu wake. Mpira uliotoka Kongo, ambao mwaka wa 1890 ulikuwa tani mia na ziada, ulifika takriban tani 6,000 mwaka wa 1901. Na nyuma ya hesabu hiyo wamo askari walinzi, viboko vya ngozi ya kiboko, vijiji vilivyochomwa, na ile mikono iliyokatwa ambayo picha zake zilienea duniani.

Ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ilitangazwa mwaka wa 1904, E. D. Morel akaunda chama cha kuitetea Kongo mwaka huohuo. Na mwaka wa 1908 nchi ikatolewa mikononi mwa mfalme ikawa koloni la Ubelgiji. Waandishi wengi huisimulia dhulma hii kana kwamba ilikuwa hulka ya mtu mmoja mwenye ndevu ndefu. Naona hesabu hiyo imepunjwa. Mfalme aliamuru, lakini mpira ulishushwa Antwerp, ukauzwa mnadani, ukachemshwa pamoja na salfa viwandani, ukafungwa kwenye magurudumu ya watu wapole waliokwenda matembezini siku ya Jumapili. Na hakuna mnunuzi hata mmoja aliyeuliza mpira wa tairi lake umetoka shamba gani au mwitu gani. Yule aliyepima ulaini na ugumu hakuwa na herufi ubavuni ya kumwambia hayo.

Kilichoikomesha biashara ya mibungo, zaidi ya huruma, ni bei. Mihevea ya Malaya na Ceylon ilianza kutoa mazao mengi karibu na mwaka wa 1910, bei ikaporomoka katika miaka iliyofuata, na mpira wa mwituni ukawa hauna faida. Msitu ukapumzika. Ndipo yakaanza kufika Stanleyville magari yenyewe, nayo yakahitaji barabara, na barabara zikachimbwa na watu walewale waliokuwa wakichanja mibungo, kwa shuruti ileile iliyobadilishwa jina. Mwaka wa 1924 na 1925 msafara wa Citroën ulivuka Sahara ukapita misitu ya kaskazini-mashariki ya Kongo kuelekea Kampala, na magari yake nyuma hayakuwa na matairi kabisa, bali mikanda ya mpira iliyojizungusha, kwa sababu wahandisi wa Ufaransa walikuwa wamepima mchanga na matope wakaona tairi la hewa halitafika. Huo, kwa maoni yangu, ndio uchaguzi wa kwanza wa gurudumu katika nchi hizi uliofanywa kwa kuitazama ardhi kwanza.

Vita Kuu ya Pili ikarudisha nyuma saa. Wajapani walipoitwaa Malaya na visiwa vya Waholanzi mapema mwaka wa 1942, majeshi ya washirika yalikosa mpira wa matairi ya malori na ndege, na serikali ya koloni ikawaamuru wanakijiji waingie tena msituni kutafuta mibungo. Siku za kazi ya lazima zikaongezwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Wazee waliokuwa watoto wakati wa Leopold waliona wana wao wakiondoka na visu vilevile. Wakati huohuo huko Yangambi, kilomita 100 hivi kutoka Stanleyville kwa kuufuata mto, wataalamu wa INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoanzishwa mwaka wa 1933, walikuwa wakiichunguza mihevea pamoja na michikichi na mibuni, na baada ya vita mashamba ya mihevea yakatanda katika jimbo.

Miaka ya 1950 ilikuwa miaka ya wingi katika maduka ya Stanleyville, ambayo mengi yalikuwa ya Wayunani, na kwa mara ya kwanza mtu mwenye fedha, aghalabu Mzungu, aliweza kusimama mbele ya matairi mawili akachagua moja. Ulaya nako uchaguzi ulikuwa umeingia zama mpya: Michelin walikuwa wameandikisha mwaka wa 1946 tairi ambalo nyuzi zake hukata moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake hufungwa mshipi wa chuma, na hilo ndilo lililokuja kuyashinda mengine yote. Wabelgiji walikuwa na kampuni yao, Englebert ya Liège, ambayo matairi yake yalivikwa magari ya mbio ya Ferrari. Tarehe 12 Mei 1957, katika mashindano ya Mille Miglia huko Italia, tairi moja la Ferrari ya Alfonso de Portago lilipasuka karibu na kijiji cha Guidizzolo. Dereva na mwenziwe wakafa papo hapo pamoja na watazamaji 9, watano kati yao watoto. Enzo Ferrari na kampuni ya matairi walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, hoja ya mashtaka ikiwa kwamba matairi hayakustahili mwendo ule, wakaachiliwa mwaka wa 1961. Kesi nzima ilikuwa juu ya jambo ambalo mnunuzi wa siku hizi hulimaliza kwa kutazama herufi moja ubavuni.

Mwaka huo wa 1961 Stanleyville haikuwa na nafasi ya kuisikiliza habari hiyo. Uhuru ulikuja Juni 1960. Uasi wa Simba ukauteka mji mwaka wa 1964, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka kutoka ndege za Marekani. Maduka yakafungwa, yakafunguliwa, yakafungwa tena. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitwaliwe na wazalendo. Maduka ya Wayunani yakapata wenyewe wapya, ambao wengi wao waliuza kilichokuwamo rafuni wasiagize kingine, na tairi likawa kitu cha kutafutwa kwa kujuana. Barabara zilizokuwa zikitengenezwa na wanakijiji kwa lazima sasa hazikutengenezwa na mtu, msitu ukazifunga kutoka pande mbili, na mji wa mamia ya maelfu ya watu ukarudi kuutegemea mto peke yake. Uporaji wa mwaka wa 1991 na wa 1993 ulimaliza kilichosalia. Vita vya 1996 na 1997 vikapita. Na kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yakapigana ndani ya mji kwa siku sita, makombora yakipita juu ya mto Tshopo na kuangukia nyumba za watu wasiokuwa na neno na yeyote kati yao.

Katika miaka hiyo ya upweke ndipo Kisangani ilipotengeneza usafiri wake wenyewe. Toleka, yaani baiskeli ya abiria, ilikuwa na kiti cha mto wa sponji kilichofungwa juu ya kibebeo cha nyuma, na vyuma vya kukanyagia miguu. Ilimchukua mama mwenye kapu la pondu, yaani kisamvu, kutoka Mangobo mpaka soko kuu, na mgonjwa kutoka Kabondo mpaka hospitali. Nje ya mji, katika njia za msituni zilizokuwa barabara zamani, wanaume walisukuma baiskeli zisizopandwa kabisa, zimebebeshwa madumu ya mawese, magunia ya mchele na nyama iliyokaushwa, fimbo moja imefungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya tandiko ili mtu apate pa kushikia mzigo mrefu kuliko yeye, wakaenda hivyo mamia ya kilomita. Kwa watu hawa tairi lilikuwa uhai wa mradi wote. Mzigo ulipozidi, ubavu ulipasuka. Na ulipopasuka, palishonwa kwa uzi wa nailoni, ndani pakawekwa kipande cha tairi kuukuu ili tyubu isichungulie, na safari ikaendelea.

Nyuma ya msukuma baiskeli alikuwapo fundi wa matairi, anayeitwa kwado huko kama anavyoitwa Kinshasa. Ofisi yake ni kivuli cha mti kando ya barabara, na alama yake ni tairi lililosimamishwa. Amepanga vyuma vya kung'olea tairi, beseni la maji, kipande cha msasa, na mashine ya kutia kiraka iliyotengenezwa kwa pistoni ya injini iliyokufa. Huizamisha tyubu ndani ya maji akafuata mapovu mpaka mwanzo wake, hukausha, husugua pale mpaka mpira ugeuke rangi, huweka juu yake kipande cha mpira mbichi, hukibana kwa skrubu chini ya pistoni, humimina petroli kidogo katika kikombe cha pistoni, huwasha. Moto ukizima wenyewe kazi imeiva. Mpira umeungana na mpira kwa joto, ambalo ni jambo lilelile alilolivumbua Charles Goodyear huko Marekani mwaka wa 1839 kwa salfa na jiko. Fundi hana habari za Goodyear, na hamhitaji. Mabaki yote huhifadhiwa, kwa maana tyubu ikishindikana hukatwa kuwa mikanda ya kufungia mizigo, na tairi likishindikana huwa soli ya katambuga.

Katika mwongo wa kwanza wa karne hii barabara ya kuelekea Ituri na Beni ilifunguliwa upya, malori yakafika tena kutoka mashariki na shehena za Mombasa, Kampala na Dubai, na pikipiki zikaanza kuisukuma toleka pembeni, kwanza katikati ya mji, kisha mitaani. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou na Dubai walileta matairi mapya ya China na India. Na pamoja nayo yakaja yale yaliyokwisha kutumika Ulaya, ambayo sheria na hofu za huko ziliyaondoa barabarani yakiwa na meno yaliyobaki nusu. Humo ndani huonekana mara moja moja tairi pana lenye ubavu mfupi, lililovuliwa kwenye gari la fahari. Lina jina kubwa na halina kazi: ubavu wake mfupi hauwezi kumeza shimo, na katika udongo mwekundu uliolowa mvua upana wake hulifanya lielee juu ya tope pahali pa kulikata. Waliokimbiza magari ya mbio katika tope la Afrika ya Mashariki wote walilijua hilo. Datsun 240Z, lililo gari la mbio kwa umbo na nasaba, lilishinda mashindano ya Safari mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka wa 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, na halikuvikwa tairi pana la uwanja wa lami. Lilivikwa jembamba lenye ubavu mrefu, kama la mtu mwenye shamba.

Mnunuzi wa Kisangani kwa hiyo hutazama mambo mengine. Hulikunja tairi kuukuu kwa nguvu ili nyufa za ubavu zijifunue. Hunusa ndani kama pana harufu ya kuungua, ambayo ni dalili ya tairi lililokimbizwa bila hewa. Hutafuta uvimbe kwa kiganja. Hutazama kama waya za ukingoni zimetoka. Wachache wamejifunza kuitafuta ubavuni alama ndogo yenye tarakimu nne, ambazo mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka, hivi kwamba 2314 ni juma la 23 la mwaka wa 2014, maana mpira huzeeka hata ukikaa ghalani, na jua la ikweta huuzeesha upesi zaidi. Wauzaji hawalipendi swali hilo. Nimemsikia kijana wa pikipiki akiinama sokoni juu ya tairi moja, akalisugua tope kwa kidole, akauliza kwa adabu, "Papa, hii ni ya mwaka gani?" Mzee hakunyanyua kichwa kutoka kwenye daftari lake. "Mwaka utabeba mizigo yako? Tia mkono ndani, mwanangu, usikie nyuzi."